Mwalimu wa Nyumbani na Bahasha ya Kaki

Kuna vitabu ninavyovisoma usiku tu, kwenye simu, taa imezimwa na mwanga wa skrini nimeushusha hadi mwisho. Ukinikuta mchana ukaniuliza nasoma nini, nitakutajia Gurnah bila kupepesa macho. Usiku ni habari nyingine. Usiku nasoma hadithi za mauaji ambamo hakuna anayeumia sana.

Wenyewe wana jina lao, mimi naziita riwaya za upelelezi wa sebuleni. Hata kama hujawahi kuzisoma, utazitambua. Nyumba kubwa huko mashambani Uingereza, zama za Malkia Victoria au kabla yake kidogo. Mtu amekufa, lakini amekufa kwa adabu, kabla hatujamzoea. Damu haionekani. Askari wa pale ni mzito wa kuelewa. Chai inanywewa mara nyingi kupita kiasi. Na anayegundua kila kitu ni msichana wa miaka 20 na ushee, mara nyingi yatima, au binti wa mchungaji aliyekufa akaacha madeni, ambaye ameletwa kwenye nyumba hiyo kufundisha watoto Kifaransa, piano na jiografia.

Huyo msichana ndiye kipenzi changu. Kiswahili hakina neno moja linalomtosha. Yaya siye, maana yaya analea, tena yaya ana nafasi yake na watu wanaijua. Tumwite mwalimu wa nyumbani, ingawa hata hilo halibebi ule upweke wote ambao neno lake la Kiingereza linaubeba.

Mwezi uliopita nilikuwa namalizia kimoja. Jina lake halina umuhimu, ni kama vyenzake. Mwalimu ameokota kipande cha barua kwenye majivu ya mekoni, amekipeleka kwa hakimu wa wilaya, na hakimu, badala ya kumfukuza, anamvutia kiti na kumwomba aeleze tangu mwanzo. Nikaizima simu. Kwa kawaida hapo ndipo ninapotabasamu na kulala. Safari hii usingizi haukuja mpaka adhana ya alfajiri, kwa sababu mimi niliwahi kuwa mwalimu wa nyumbani, niliwahi kushika kipande cha karatasi kama kile, na sikukipeleka popote.

Nitafika huko. Kwanza niwaambie kwa nini waandishi wanampenda sana msichana huyu, maana si bahati tu.

Sensa ya Uingereza ya mwaka 1851 inakadiriwa kuwahesabu wanawake wa kazi hii wapatao 25,000. Walikuwa wamesoma, wanaongea kama wenye nyumba, wanavaa karibu kama wenye nyumba, lakini wanalipwa. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mezani kwa wakubwa hawakaribishwi, isipokuwa wageni wakipungua idadi. Jikoni nako watumishi wananyamaza wakiingia, maana wanawaona ni watu wa juu. Basi mwalimu anakula chumbani kwake, na sinia. Charlotte Brontë aliifanya kazi hiyo, na mwaka 1841 alikuwa analipwa pauni 20 kwa mwaka, kisha pauni 4 zinakatwa za kufuliwa nguo. Mdogo wake Anne aliifanya kwa muda mrefu zaidi na akaiandikia riwaya nzima, *Agnes Grey*, iliyotoka 1847, mwaka uleule wa *Jane Eyre*. Wengi tumesoma ya dada mtu tukaisahau ya mdogo mtu, na kwa kweli ya mdogo ndiyo inayojua jinsi mtoto wa tajiri anavyoweza kukutesa huku mama yake anakutazama wewe.

Sasa, mtu wa namna hiyo ni zawadi kwa mtunzi wa hadithi za upelelezi. Anaingia kila chumba. Watoto humwambia mambo wasiyowaambia wazazi. Watu wazima huongea mbele yake kama wanaongea mbele ya kabati. Anajua nani hakula, nani kabadilisha viatu, mlango gani jana ulikuwa wazi na leo umefungwa. Wapelelezi wetu wa Kiswahili ni watu wa kuja kutoka nje. Bwana Msa na kiko chake, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960, huitwa au hufika, na Najum yuko pembeni anashangaa. Willy Gamba wa Elvis Musiba ndiyo kabisa, yeye anakuja na bastola. Mwalimu wa nyumbani hahitaji kuja. Yuko ndani tayari, na hakuna aliyekumbuka kuwa ana macho.

Wa kwanza kunikamata alikuwa Violet Hunter, na nadhani bado ndiye bora wao wote ingawa hana hata kitabu chake mwenyewe. Yumo kwenye hadithi ya Sherlock Holmes iliyotoka katika jarida la *The Strand* mwaka 1892, ile ya nyumba yenye miti ya majani mekundu. Holmes ndiye jina kubwa, lakini soma tena uone nani anafanya kazi.

Violet alikuwa analipwa pauni 4 kwa mwezi kwenye familia ya kanali mmoja. Familia ikahamia Kanada, akabaki na akiba inayoyeyuka. Akatokea Bwana Rucastle, mnene, mcheshi, anampa pauni 100 kwa mwaka kumfundisha mtoto mmoja tu. Zaidi ya mara mbili. Ila kuna vijisharti: avae gauni fulani la bluu akiambiwa, akae pale atakapoelekezwa, na akate nywele zake. Anakataa kwa sababu ya nywele, anarudi nyumbani, anatazama kabati halina kitu na bili ziko mezani, anaanza kujiuliza nywele zina faida gani. Hapo ndipo nilipompenda. Wapelelezi wengine wanaingia kwenye hatari kwa udadisi. Huyu kaingia kwa sababu kodi imefika.

Na anajua kabisa kuwa kuna kitu hakiko sawa, maana mshahara ukizidi kazi, kilichozidi ni malipo ya kitu kingine. Anamwendea Holmes, na Holmes anamwambia kwamba kazi ile yeye asingependa dada yake aiombe. Watu wengi wanapita hapo haraka. Conan Doyle alikuwa na dada zake kweli waliofanya kazi hiyo Ureno. Mkubwa wao, Annette, alifia Lisbon mwaka 1890, baada ya miaka ya kutuma mshahara wake nyumbani. Miaka miwili baadaye kaka mtu anaandika sentensi ile.

Violet anakwenda. Anaketishwa sebuleni, mgongo dirishani, Rucastle anamchekesha mpaka mbavu zinauma. Anagundua kuwa haruhusiwi kugeuka. Afanye nini? Kioo chake cha mkononi kilikuwa kimevunjika, basi anaficha kipande ndani ya leso, anajifanya anafuta machozi ya kicheko, anatazama nyuma yake: kuna mwanamume amesimama barabarani. Anakuta shungi la nywele kama zake kwenye droo iliyofungwa. Anaona upande mzima wa nyumba usiokaliwa na mtu, kumbe unakaliwa. Holmes anapofika, Violet ameshamaliza. Kilichobaki ni kuvunja mlango.

Mimi kioo sikuwa nacho. Nilikuwa na madaftari.

Nilimaliza chuo 2014, shahada ya uandishi wa habari, GPA ya kuridhisha, na barua za maombi ambazo hakuna aliyezijibu. Miezi minane. Mama mmoja wa Mbezi Beach, rafiki wa rafiki wa mama yangu mdogo, akasema anatafuta mtu wa kuwasaidia watoto wake watatu masomo ya jioni, na kwa kuwa foleni za Dar unazijua, angependelea mtu wa kukaa hapohapo. Shilingi 150,000 kwa mwezi, chakula, na chumba cha uani. Nikaenda na begi moja.

Watoto waliniita Ticha. Mama aliniita Mwalimu. Kulikuwa na msichana wa kazi ambaye wote tulimwita Dada, na chumba chake kilikuwa ukuta mmoja na changu. Kwetu hapa dada ndilo neno, si unajua. Mtu anaweza kukaa na Dada miaka mitatu, akamwachia watoto, funguo na mgonjwa, na jina lake halisi hajawahi kulitamka. Sijitoi. Nilikaa naye miezi saba, na jina lake nilikuja kulisikia siku anaondoka, Mama alipomwandikisha kwenye karatasi kuwa anaondoka kwa hiari yake.

Nililetewa chakula changu chumbani, kwenye sinia. Wiki ya kwanza niliona ni heshima. Wiki ya tatu nikaelewa. Mezani walikaa wenye nyumba. Jikoni, Dada alikula na mlinzi, wakicheka kwa sauti mpaka nisogee karibu, halafu kimya, "Karibu Mwalimu, unahitaji kitu?" Ilibidi nirudi kwa Brontë mtoto wa mwisho ndipo nijue kuwa hali yangu ina historia.

Sitaki umchukie yule mama. Alikuwa mtu mwema kwa namna nyingi. Nilipougua malaria alinipeleka hospitali kwa gari lake na hakunidai. Na alikuwa na shemeji mhariri kwenye gazeti moja kubwa. "Subiri tu Mwalimu, nitakusemea," aliniambia mara ya kwanza Machi, na kila alipolirudia nilihisi mlango unafunguka inchi moja. Shikilia hilo.

Mwezi Juni ulikuwa zamu yake kukusanya fedha za kikoba. Aliziweka kwenye bahasha ya kaki, droo ya meza ya kioo chumbani kwake, akisubiri kikao cha Jumamosi. Ijumaa saa moja usiku akafungua droo, bahasha haipo. Tukaitwa wote sebuleni, mlinzi, Dada, watoto, mimi nimesimama karibu na mlango kama kawaida. Hapo ndipo alipotaja kiasi, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya kutetemeka: laki sita na arobaini.

Nani anaingia chumbani kwa Mama kila siku? Dada. Anafagia, anatandika. Mjadala uliishia hapo, kwa kweli. Begi lake likamwagwa sakafuni, likakutwa na khanga, kitambulisho na chupa ya mafuta ya nazi. Kutokukutwa na kitu nako kukawa ushahidi, eti ameshazitoa nje. Mama akasema hatamwita polisi, hataki kumharibia mtoto wa watu maisha, ila mshahara wa miezi miwili aliokuwa anamtunzia atauzuia, na kesho aondoke.

Kabla sijaendelea nikwambie kitu kuhusu nyumba ya Road, maana usiku ule niliifikiria bila kujua kuwa ninaifikiria. Juni 1860, kijijini huko Wiltshire, mtoto wa kiume wa miaka mitatu wa familia ya Kent alitolewa kitandani usiku na kuuawa. Kate Summerscale ameliandikia kitabu kizuri sana, *The Suspicions of Mr Whicher*, cha 2008. Aliyekamatwa kwanza ni nani? Elizabeth Gough, msichana wa kulea, aliyekuwa amelala chumba kimoja na mtoto. Mpelelezi Whicher kutoka London alipofika, akasema hapana, tazameni ndani ya familia, tazameni binti wa nyumba hii, Constance, miaka 16, vazi lake moja la kulalia halionekani. Wakubwa wa pale walikasirika, magazeti yakamrarua, na jina lake likaharibika. Miaka mitano baadaye Constance akaungama mwenyewe. Na kuna jambo jingine ambalo riwaya za sebuleni zingelikwepa. Mama wa yule mtoto aliyekufa, mke wa pili wa Bwana Kent, aliingia kwenye nyumba ile kama mwalimu wa watoto wa mke wa kwanza. Constance alikuwa mwanafunzi wake.

Kwa hiyo ukweli wa ndani ya familia hauna pa kutokea hata ukiletwa na mpelelezi mwenye cheo kutoka makao makuu. Sembuse na anayekula kwenye sinia.

Haya. Jumamosi asubuhi nikakaa kitandani kusahihisha madaftari. Nilikuwa na utaratibu: kazi ya nyumbani ya hisabati inakusanywa Ijumaa saa kumi jioni, naisahihisha Jumamosi, Jumapili tunarudia waliyokosea. Daftari la mkubwa, kidato cha pili, lilikuwa na karatasi ya kukokotolea imebanwa katikati. Ilikuwa ya kaki. Kipande cha bahasha iliyopasuliwa ikakunjuliwa. Upande wa ndani alikuwa amekokotoa maswali yangu mawili, na pembeni, kwa mwandiko mdogo, hesabu ambayo sikuwa nimempa: 640, toa 385, toa 90. Nilipogeuza upande wa nje kulikuwa na herufi zilizokatwa kwa wino wa kijani, "koba Juni". Kalamu ya kijani nyumba ile ilikuwa ya mtu mmoja.

Nikaiangalia muda mrefu. Halafu nikaona jambo ambalo mpaka leo linanipa fahari ya kijinga: lile daftari lilikuwa mikononi mwangu tangu saa kumi Ijumaa. Kiasi kilitajwa saa moja usiku. Saa kumi jioni, zaidi ya Mama, hakuna aliyepaswa kuijua namba ile. Violet Hunter angenipa mkono.

Kwenye riwaya, sura inayofuata unaijua. Ninavuka ua. Nabisha hodi. Mama anapauka, mtoto analia, Dada anarudishiwa jina lake, na labda kuna binamu wa familia, mwanasheria, mpole, ambaye alikuwa anastaajabia akili yangu tangu sura ya nne.

Mimi nilichofanya ni hiki. Nilichukua kalamu nyekundu. Maswali mawili yale aliyapata, ila moja alirukia jibu, basi nikaandika pembeni kama ninavyoandika siku zote: "Onyesha njia." Nikakirudisha kipande cha kaki palepale katikati ya daftari, nikalifunga. Jumapili aliponikabidhi mkono kulipokea alilifungua, akaona kipo, akaona kimeguswa, akanitazama. Miaka 15. Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi mpole kuliko wote niliowahi kufundisha. Shikamoo asubuhi na jioni. Hatukuwahi kuliongea.

Wiki tatu baadaye shemeji wa Mama alinipigia simu niende kwenye usaili. Kazi ninayoifanya leo, inayonipa jeuri ya kuwaandikia ninyi, ilianzia kwenye simu ile.

Nimejitetea kwa namna zote. Kwamba nilikuwa na miaka 24. Kwamba mtoto angepigwa. Kwamba Mama asingeniamini hata hivyo, angesema nimekiandika mwenyewe, nimechukua pesa na Dada tukagawana. Hoja ya mwisho si mbaya, Henry James alishaitungia kitabu kizima mwaka 1898, *The Turn of the Screw*: mwalimu wa nyumbani anayeona mambo, na karne nzima ya wasomaji hawajakubaliana kama aliyaona au alirukwa na akili. Kuona peke yako ni hatari. Lakini mimi sikumwogopa Mama kutoniamini. Niliogopa aniamini. Angeniamini, angejua kuwa najua, na mtu ambaye unajua aibu ya nyumba yake hakusemei kwa shemeji.

Ndiyo maana nikawaza sana, usiku ule wa mwezi uliopita, juu ya kile hasa ninachokwenda kukitafuta kwenye vitabu hivi. Mtu husema tunapenda fumbo. Fumbo gani? Katika vitabu kumi nilivyosoma mwaka huu, saba nilimjua muuaji kabla ya nusu. Ninachokisubiri ni kile kiti. Mtu mwenye mamlaka anavuta kiti, anamwambia msichana asiye na kitu, hebu kaa, eleza. Na akishaeleza habaki bila kazi. Hiyo ndiyo sehemu ya kubuni. Kugundua ni rahisi, mtu yeyote anayeishi pembezoni mwa nyumba ya watu anagundua.

Patricia Wentworth alilielewa hili kuliko wote, na kwa ujanja mkubwa. Miss Silver wake, aliyeanza 1928 na kuendelea kwa vitabu 32, ni mwalimu wa nyumbani mstaafu aliyegeuka mpelelezi wa kulipwa. Anafuma sweta, anakohoa kwa adabu, anamnukuu Tennyson mpaka unachoka. Polisi wanamsikiliza, na wengi wanadhani ni kwa sababu ana akili. Akili anayo. Lakini mmoja wa wakubwa wa polisi kwenye vitabu vile, Randal March, alikuwa mwanafunzi wake utotoni. Alimfundisha kusoma. Anapoingia ofisini kwake na sweta lake la mtoto lisilokwisha, yule bwana mwenye nishani anarudi kuwa mvulana aliyekosea hesabu. Wentworth alijua kwamba huyu mwanamke hawezi kusikilizwa bure, lazima kuna deni mahali. Ninacheka kila nikilifikiria, halafu nakumbuka mvulana wangu wa kidato cha pili, ambaye sasa ni mtu mzima, ana kazi nzuri, na ambaye nikimwomba chochote nadhani atanipa.

Nilirudia hadithi ya Violet wiki iliyopita nikidhani naikumbuka yote. Nilikuwa nimemsahau Bi Toller.

Bi Toller ni mtumishi wa nyumba ile, mke wa mlevi, mwanamke mkimya mwenye sura ya kununa. Siku ya mwisho, Holmes anapotaka njia iwe wazi, anampangia Violet kazi: amtume yule mama ghala la chini kuchukua kitu, kisha amfungie huko. Violet anafanya hivyo, vizuri sana. Wanaume wanavunja mlango wa chumba kilichofungwa, wanakuta ni kitupu, binti aliyefungiwa ameshatoroka kwa dirisha la darini na ngazi. Baada ya vurugu zote Bi Toller anatokea, aliyemfungulia ni bwana mwenye nyumba, na anawaeleza kwa upole kwamba ni pole tu hawakumwambia wanachopanga, angewaambia wanajisumbua bure. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Nani amefungiwa, kwa nini, kwa ajili ya urithi gani, mchumba gani anasimama barabarani. Mume kulewa siku ile na ngazi kuwa tayari ni mipango aliyokuwemo, ndiyo, na alikuwa ameshalainishwa kwa fedha ya mchumba, lakini alikuwemo. Violet aliishi naye nyumba moja wiki zote zile, akitumia kioo na leso, akifungua droo kwa funguo za kubahatisha, na hakuwahi kukaa jikoni akamuuliza.

Baadaye Violet akawa mkuu wa shule binafsi huko Walsall. Mimi nikawa mwandishi wa habari.

Ile Jumamosi, saa sita mchana, nilitoka kumsindikiza Dada getini. Sijui kwa nini. Alikuwa ameketi juu ya begi lake la shangazi kaja, chini ya mwarobaini, anasubiri bodaboda impeleke Manzese kwa binamu yake. Mlinzi alikuwa amejifanya ana kazi nyuma ya nyumba. Nikasimama pale nikitafuta la kusema, na madaftari bado yako kitandani kwangu.

"Mwalimu, usijisumbue," akasema. "Nilimwona. Alhamisi, natoka kuanika."

Nikamuuliza kwa nini basi jana hakusema, wote tulikuwepo.

Akanitazama usoni, bila hasira, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. "Ningemwambia nani?"

Bodaboda ikafika. Dereva akasema mpaka Manzese na mzigo ni elfu tano. Nikalipa mimi.